Jibu Limo Kifunguni: Mbinu za Kujibu Maswali ya Ufahamu katika Mitihani ya Umilisi wa Kiingereza, kwa Kurejelea Watahiniwa wa Kitengela na Kajiado

Utangulizi

Mwezi Julai mwaka 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano yaliyowafungulia wahudumu wa afya wa Kenya njia ya kuajiriwa nchini Uingereza. Kabla ya mwaka huo kwisha, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza uliohitajika, 10 pekee ndio waliofaulu. Habari hiyo ilikuwa ya kustaajabisha katika nchi ambamo Kiingereza ni lugha ya kufundishia kuanzia darasa la nne hadi chuo kikuu.

Ni rahisi kwa msomaji wa habari hiyo kukata kauli kwamba wauguzi 290 hawakujua Kiingereza. Hata hivyo, tangazo lenyewe halikusema hivyo. Lilisema kwamba hawakufikia kiwango kilichowekwa. Kati ya kauli hizo mbili pana pengo, na pengo hilo ndilo kiini cha makala haya. Msomaji anayelivuka bila kujua amefanya kosa lilelile linalowapotezea alama watahiniwa wengi wa ufahamu: ameongeza katika kifungu jambo ambalo mwandishi hakuliweka.

Makala haya yanadhamiria kueleza mbinu za kujibu maswali ya ufahamu katika mitihani ya umilisi wa Kiingereza, hasa ule ujulikanao kama IELTS. Mifano imetolewa katika mazingira ya Kitengela na Kajiado kwa sababu maalumu. Mtahiniwa huteleza zaidi anaposoma kuhusu mambo anayoyafahamu, kwa kuwa ujuzi wake humshawishi kujibu kabla ya kusoma. Aidha, mifano imeandikwa kwa Kiswahili ili kuonyesha kwamba stadi ya ufahamu haina lugha moja. Anayeimudu katika Kiswahili tayari amekwenda nusu ya safari.

Mtihani Unapima Nini?

Mtihani wa IELTS ulianza kutolewa kwa jina hilo mwaka 1989, mwaka uleule ambao watahiniwa wa kwanza wa KCSE waliketi nchini Kenya. Hupima stadi nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Karatasi ya kusoma ya wanaotaka kuingia vyuo vikuu au taaluma maalumu huwa na vifungu vitatu virefu na maswali 40, na huchukua dakika 60. Kila jibu sahihi lina alama moja, wala jibu lisilo sahihi halimpunguzii mtahiniwa chochote. Kwa kawaida, anayehitaji kiwango cha 7 katika kusoma hulazimika kupata takriban maswali 30 kati ya hayo 40.

Mwanafunzi aliyesoma Kajiado au Kitengela huja katika mtihani huu akiwa na mazoea ya KCSE. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili, ufahamu hutengewa alama 15. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza, hutengewa alama 20, mbali na maswali ya dondoo la fasihi na ushairi. Mazoea hayo ni mtaji mkubwa. Kutambua wazo kuu, kueleza maana ya neno kulingana na muktadha na kutoa sababu ni mambo ambayo mwanafunzi ameyafanya kwa miaka minne.

Hata hivyo, mazoea hayo yana upungufu mmoja. Katika ufahamu wa shuleni kila swali lina jibu lake kifunguni, na kuacha nafasi tupu ni sawa na kutupa alama. Katika IELTS kuna maswali yanayomtaka mtahiniwa aamue kama kauli fulani ni Kweli, Si Kweli, au Haikutajwa. Jibu hili la tatu humtatiza mtahiniwa kwa sababu humtaka akiri kwamba kifungu kimenyamaza. Aliyezoea kutafuta jibu mpaka lipatikane huona haya kukiri hivyo, akaliunda jibu kutokana na yale anayoyajua mwenyewe.

Hatua za Kusoma

Hatua ya kwanza ni kukipitia kifungu chote harakaharaka kwa dakika mbili au tatu. Lengo si kuelewa kila neno, bali kujua kifungu kinahusu nini na kila aya imebeba jambo gani. Mtahiniwa asome kichwa, sentensi ya kwanza ya kila aya na aya ya mwisho. Aandike pembeni neno moja au mawili ya kumkumbusha yaliyomo katika aya husika. Ramani hii fupi humwokolea muda baadaye, kwani anapoulizwa kuhusu jambo fulani hujua aende aya ipi.

Hatua ya pili ni kusoma maswali na kupiga mstari chini ya maneno makuu. Majina ya watu, mahali, miaka na tarakimu ni rahisi kuyasaka kifunguni kwa sababu hayabadiliki. Maneno mengine hubadilishwa kwa visawe. Kifungu kikisema mji umepanuka, swali litasema idadi ya wakazi imeongezeka au makazi yameenea. Kwa hiyo mtahiniwa atafute wazo, wala asitafute neno lilelile. Mara nyingi jibu lenye maneno yaleyale ya kifungu ndilo lililotegwa.

Hatua ya tatu ni kurejea katika aya husika na kuisoma polepole, pamoja na sentensi inayotangulia na inayofuata. Hapa ndipo vihusishi na viunganishi hudai uangalifu. Maneno kama "ila," "hata hivyo," "huenda," "baadhi" na "pekee" ni madogo lakini hugeuza maana ya sentensi nzima.

Hatua ya nne ni kuthibitisha. Kabla ya kuandika jibu, mtahiniwa ajiulize: ni maneno gani hasa ya kifungu yanayonipa jibu hili? Akishindwa kuyawekea kidole, jibu hilo limetoka kichwani mwake.

Kifungu cha Mfano

Hebu msomaji asome kifungu kifuatacho, kisha ajaribu maswali kabla ya kusoma maelezo.

Aya ya kwanza: Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, nayo ndiyo iliyokuwa mbuga ya kitaifa ya kwanza nchini Kenya. Ukubwa wake ni takriban kilomita 117 za mraba. Sehemu kubwa ya mipaka yake imezungushiwa ua, ila upande wa kusini, unaopakana na mto Mbagathi, uliachwa wazi. Kupitia upande huo, nyumbu na pundamilia walizoea kutoka msimu wa mvua na kutawanyika katika nyanda za Kitengela na Kapiti, kisha kurejea mbugani wakati wa kiangazi.

Aya ya pili: Nje ya mbuga, ardhi ni mali ya watu binafsi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ardhi iliyokuwa ikimilikiwa kwa pamoja na wafugaji wa Kitengela iligawanywa. Baadhi ya wamiliki waliuza vipande vyao, na wanunuzi wakavizungushia ua. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wafugaji waliokubali kutouza ardhi yao wala kuizungushia ua. Malipo yalikuwa takriban dola 4 za Marekani kwa ekari moja kila mwaka. Hata hivyo, mji uliendelea kupanuka. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika Kitengela.

Aya ya tatu: Mwezi Juni mwaka 2012 simba sita waliuawa na wanakijiji wa Kitengela baada ya simba hao kuvamia mifugo. Tukio hilo liliwakumbusha wahifadhi kwamba uhai wa wanyama wa mbugani hutegemea pia ridhaa ya majirani wa mbuga.

Maswali

1. Hakuna mbuga ya kitaifa iliyoanzishwa nchini Kenya kabla ya mwaka 1946. (Kweli, Si Kweli au Haikutajwa?)
2. Wamiliki wote wa ardhi ya Kitengela waliuza vipande vyao baada ya ardhi kugawanywa. (Kweli, Si Kweli au Haikutajwa?)
3. Mfugaji angepata fedha nyingi zaidi kwa kuuza ardhi kuliko kwa kujiunga na mpango wa mwaka 2000. (Kweli, Si Kweli au Haikutajwa?)
4. Nyumbu walizoea kurejea mbugani lini? Jibu kwa maneno yasiyozidi matatu.
5. Eleza maana ya neno "ua" kama lilivyotumika katika kifungu.
6. Mwandishi anadokeza nini katika aya ya tatu?
   A. Wanakijiji wa Kitengela ni maadui wa wanyamapori.
   B. Upande wa kusini wa mbuga unafaa kuzungushiwa ua.
   C. Uhifadhi unahitaji kukubaliwa na watu wanaoishi karibu na mbuga.
   D. Simba wanafaa kuhamishwa kutoka Nairobi.

Maelezo ya Majibu

Jibu la swali la kwanza ni Kweli. Kifungu hakikutumia maneno ya swali, lakini kilisema kwamba mbuga hiyo ilikuwa ya kwanza nchini. Ikiwa ilikuwa ya kwanza, hakuna iliyoitangulia. Huu ni mfano wa wazo moja lililovishwa maneno tofauti.

Jibu la swali la pili ni Si Kweli. Kifungu kimesema "baadhi", swali limesema "wote." Isitoshe, mpango wa mwaka 2000 usingekuwa na wa kumlipa iwapo kila mtu angekuwa amekwisha kuuza. Mtahiniwa anapokutana na maneno ya jumla kama "wote," "daima" na "kamwe," hana budi kurudi kifunguni na kuyapima.

Swali la tatu ndilo lenye mtego mkubwa, na ndilo linalomhusu hasa mtahiniwa wa Kitengela. Anayeishi huko ameona mabango ya ploti kando ya barabara ya Namanga. Pengine ameshuhudia jamaa akiuza ekari zake, na anajua kwamba dola 4 kwa mwaka ni haba zikilinganishwa na bei ya ardhi. Atajibu Kweli bila kusita. Ingawa maoni yake yanaweza kuwa sahihi kabisa katika ulimwengu wa kawaida, mtahini atamnyima alama. Kifungu hakikutaja bei ya ardhi mahali popote, wala hakikulinganisha mapato ya aina hizo mbili. Jibu ni Haikutajwa. Yumkini mtahiniwa aliyeko nchi ya mbali, asiyewahi kusikia jina la Kitengela, atalipata swali hili kwa urahisi zaidi, kwa sababu hana cha kuongeza.

Ni muhimu kutofautisha Si Kweli na Haikutajwa. Si Kweli ina maana kwamba kifungu kinaipinga kauli ya swali. Haikutajwa ina maana kwamba kifungu hakiiungi mkono wala hakiipingi. Njia nyepesi ya kuamua ni kujaribu kuisahihisha kauli kwa kutumia kifungu pekee. Kauli ya swali la pili inasahihishika: badala ya "wote" tunaweka "baadhi." Kauli ya swali la tatu haisahihishiki, kwani hatuna cha kuisahihishia.

Jibu la swali la nne ni "wakati wa kiangazi." Mtahiniwa akiandika "walizoea kurejea wakati wa kiangazi" atakuwa ameelewa kifungu lakini amekaidi agizo, naye hatapewa alama. Katika IELTS, idadi ya maneno ikizidi iliyowekwa, jibu huhesabiwa kuwa si sahihi. Tahajia nayo huzingatiwa, na kwa kuwa neno lenyewe limo kifunguni, hakuna udhuru wa kulinakili vibaya.

Kuhusu swali la tano, neno "ua" lina maana kadha katika Kiswahili: sehemu ya mmea inayochanua, uzio, na kitendo cha kutoa uhai. Katika kifungu limetumika kwa maana ya uzio, na kinachotuongoza ni kitenzi "imezungushiwa." Ndivyo ilivyo pia katika Kiingereza. Neno "plain" laweza kuwa uwanda, au laweza kuwa sifa ya jambo lililo dhahiri. Mtahiniwa asiridhike na maana ya kwanza inayomjia akilini. Aipachike katika sentensi na kuona kama inakaa.

Jibu la swali la sita ni C. Neno "ridhaa" limebadilishwa likawa "kukubaliwa," na "majirani wa mbuga" wakawa "watu wanaoishi karibu." Chaguo la A limekuza jambo: tukio moja lililosababishwa na kuvamiwa kwa mifugo haliwafanyi wanakijiji kuwa maadui. Chaguo la B na la D ni maoni ambayo watu wanaweza kuwa nayo, lakini mwandishi hakuyatoa. Kudokeza si kubahatisha. Yanayodokezwa lazima yawe na mizizi katika maneno yaliyoandikwa.

Tofauti za Lugha Zinazomtega Msemaji wa Kiswahili

Mtahiniwa wa Kajiado huenda anazungumza Kimaa nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Utajiri huu wa lugha ni neema, ila kuna mahali ambapo muundo wa Kiswahili huweza kumpotosha asomapo Kiingereza. Mifano mitatu itatosha.

Mosi ni urejeleo. Katika Kiswahili, upatanisho wa ngeli humwonyesha msomaji kinachozungumziwa. Tukisema "lori liligonga mti ukaanguka," kila mtu anajua kwamba ulioanguka ni mti. Tukisema "likaanguka," ni lori. Kiingereza hutumia neno moja tu, "it," kwa vyote viwili. Msemaji wa Kiswahili amezoea kusaidiwa na viambishi, na asipopata msaada huo hana budi kusimama na kujiuliza: neno hili linarejelea nini? Afanye hivyo kwa kila "it," "this" na "they" iliyo karibu na jibu analolitafuta.

Pili ni neno "chache." Katika Kiingereza, "few farmers agreed" ina maana kwamba waliokubali walikuwa haba, karibu hakuna; mkazo uko katika upungufu. "A few farmers agreed" ina maana kwamba walikuwapo waliokubali, ingawa si wengi. Kiswahili huweza kusema "wakulima wachache walikubali" kwa hali zote mbili. Msomaji asiyekitazama kile kijineno cha mwanzo ataikosa fikra ya mwandishi.

Tatu ni ulazima. Kwa kuwa "must" ni "lazima," mwanafunzi huelekea kufasiri "must not" kuwa "si lazima." Hilo ni kosa. "Must not" ni katazo: mtu asifanye. Kinachomaanisha "si lazima" ni "need not." Katika kifungu kuhusu dawa, sheria au usalama, tofauti hiyo hugeuza jibu kabisa. Kwa muuguzi, tofauti hiyo ina uzito mkubwa hata nje ya chumba cha mtihani.

Matumizi ya Muda

Dakika 60 kwa vifungu vitatu ni dakika 20 kwa kila kifungu. Kwa kuwa vifungu huelekea kuwa vigumu zaidi kadiri mtu anavyosonga mbele, ni busara kutumia dakika 17 au 18 kwa cha kwanza ili kuacha akiba. Katika karatasi ya kusoma hakuna muda wa nyongeza wa kuhamisha majibu. Kwa hiyo anayefanya mtihani wa kuandikwa kwa mkono aandike majibu katika karatasi maalumu kadiri anavyoendelea.

Swali likimshinda mtahiniwa kwa zaidi ya dakika moja na nusu, aliwekee alama na kuendelea. Maswali ya Kweli, Si Kweli na Haikutajwa kwa kawaida hufuata mtiririko wa kifungu, kwa hiyo jibu la swali la nne litapatikana baada ya mahali palipo na jibu la swali la tatu. Mwishoni, asiache nafasi yoyote tupu, kwani kukosea hakuadhibiwi.

Mazoezi

Gharama ya mtihani huu ni makumi ya maelfu ya shilingi, na matokeo yake huwa na uhai wa miaka miwili tu. Si mtihani wa kufanywa kwa kujaribu bahati. Hata hivyo, mazoezi yake hayahitaji fedha nyingi. Mwanafunzi achague makala ya gazeti, ya Kiswahili au ya Kiingereza, kila siku. Aisome kwa dakika tano, kisha atunge kauli sita: mbili za kweli, mbili zisizo za kweli na mbili ambazo makala haikuzitaja. Ambadilishie mwenzake, kila mmoja ajibu na kutetea jibu lake kwa kunukuu maneno ya makala. Anayejifunza kutega mtego hujifunza pia kuuona.

Mwalimu wa Kiswahili naye ana nafasi yake. Anaposahihisha ufahamu, asiishie kuandika kwamba jibu si sahihi. Amwulize mwanafunzi: "Umelitoa wapi?" Mwanafunzi aliyeulizwa hivyo kwa miaka minne atakwenda katika mtihani wowote, kwa lugha yoyote, akiwa amejiuliza mwenyewe kabla ya mtahini.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ufahamu ni zoezi la uaminifu kwa maandishi ya mtu mwingine. Mtahiniwa hupitia kifungu, husoma swali, hurejea katika aya husika na kuthibitisha. Hutofautisha lililopingwa na lisilotajwa. Huchunga maneno madogo, hasa pale ambapo Kiingereza na Kiswahili huachana. Muhimu zaidi, huweka kando ujuzi wake kwa dakika 60, hata pale kifungu kinapozungumzia kwao.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika ufahamu, haraka iliyo mbaya zaidi si ile ya macho yanayokimbia juu ya maneno, bali ni ile ya akili inayofika kwenye jibu kabla ya mwandishi kumaliza kusema.